Slaidi za Nunguni

Jumanne, 3 Juni 2025

Sanduku la Kitui limefika. Syombua, yule nesi mstaafu, amelileta mwenyewe hadi studio, hapa Emali. Slaidi mia mbili na kitu, zile filamu ndogo za rangi kwa fremu ya karatasi ngumu. Ziliachwa kwake na mwalimu mzungu aliyefundisha Nunguni zamani. Nimemwahidi kama ninavyowaahidi wote: naziskani, narudisha kila moja.

Watu nisiowajua wananipa picha za harusi zao na mazishi yao. Nazipenda, sijui kwa nini. Labda kwa sababu kwetu hakuna picha hata moja ya kabla sijazaliwa.

Leo nimepangusa vumbi tu. Nyingine zimeshika kuvu.

Jumatano, 4 Juni

Nimempata.

Slaidi ya mikaratusi nyuma ya kanisa la Nunguni. Msichana amekaa kwenye jiwe, nywele zimesukwa, koti la mwanamume mabegani. Mwanamume amemshika mkono, anamtazama yeye, si kamera. Msichana ni Mama. Mwanamume ni Kyule.

Kwa fremu kuna muhuri: Desemba 79. Chini mzungu ameandika kwa kalamu, kwa Kiingereza — Kyule na mchumba wake.

Mimi nilizaliwa Mei 80. Mwezi wa pili, tumbo likionekana, walikuwa wamemweka Mama mbele ya wazee wa kanisa. Kyule, mwalimu wa kwaya, akasema hamjui huyo msichana, mimba labda ni ya Kambu huko barabarani, kwa madereva wa malori. Wakamwamini. Babu akamfukuza Mama na mkeka mmoja. Miaka arobaini na tano. Kyule sasa ni mzee wa kanisa, watu wanamwinukia.

Nimefunga studio mapema. Siwezi kuhudumia mtu leo.

Jumapili, 8 Juni

Nimemwonyesha Mama kwa laptopu. Nilidhani atalia. Akaniambia nikuze uso — wake, si wa Kyule. Akaangalia weee.

"Nilikuwa mwembamba hivi?"

Nikamwambia sasa mpango wangu. Kanisa la Nunguni linatimiza miaka sitini tarehe 22. Pasta wao mpya amenipigia, anataka picha za zamani kwa projekta. Hajui mimi ni mtoto wa nani. Siku hiyo Kyule anapewa cheti cha utumishi.

Mama akasukuma laptopu kando. Halafu: "Usinitaje jina, Mutindi."

Nikamwambia sitataja mtu. Nitaiweka tu ukutani.

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

Jumamosi, 14 Juni

Nimepanga picha. Ujenzi wa kanisa, kwaya, ubatizo mtoni. Kisha Kyule akiwekewa mikono kuwa mzee wa kanisa, suti nyeusi, macho yamefungwa. Na mara moja baada ya hiyo, mikaratusi. Na maandishi ya fremu nimeyaskani, yasomeke hadi benchi ya mwisho. Nimerudia hizo mbili mara kumi, moja halafu nyingine. Nasikia utamu mdomoni. Sijali kama ni dhambi.

Jana kwa maombi nilikwama pale pa kuwasamehe waliotukosea. Nikaruka.

Jumapili, 22 Juni. Nunguni

Naandika nje ya jiko la kanisa, watu wanakunywa chai. Baridi kali. Nusu ya picha zimeonyeshwa, zilizobaki ni baada ya chai. Watu wamefurahi, mama mmoja ameona marehemu dada yake akaomba nimtumie kwa simu.

Mama amekuja. Sikumwalika. Alisema tangu zamani hatakanyaga hapa, na leo asubuhi nimemkuta mlangoni amevaa viatu.

Kyule amenifuata penye laptopu, na fimbo. Akasema anataka kuona zinazofuata, kuhakikisha. Nikampa kiti. Nikabonyeza moja moja, polepole. Alipofika kwa mikaratusi hakushtuka. Alishusha pumzi tu, kama mtu aliyeitwa baada ya kungoja foleni.

"Wewe ni wa Mbinya," akasema, kwa jina la Mama.

"Ndiyo."

"Itoe hiyo. Mke wangu ana presha. Halafu mimi na wewe tutaongea, siku nyingine."

"Tuongee nini, mzee?"

Hajauliza Mama yuko hai au alikufa. Hapo ndipo damu yangu ilichemka kabisa, si kwa ile ya zamani, kwa hiyo ya leo.

Nimemtafuta Mama nimwambie. Mke wa Kyule alikuwa amekaa naye, amemshikia kikombe, na dawa za presha kweli ziko mapajani pake. Wanaongea juu ya mahindi. Ni mwanamke mpole. Sikuwa nimempangia mahali popote huyo, kwa mpango wangu.

Nimemwinamia Mama, nikamnong'oneza: amesema niitoe. Mama akauliza, "Na wewe unasemaje?"

Pasta ametuita ndani, namalizia haya penye laptopu; slaidi sijaitoa. Kyule amesimama kando ya projekta, ameukazia macho ule waya wa umeme. Mama ameinuka. Hajaenda nyuma alikokuwa asubuhi. Amekaa benchi ya kwanza, karibu na ukuta wa picha, na sasa anafungua kitambaa cha kichwa, nywele zimesukwa kama kwa ile slaidi, anakikunja vizuri, anakiweka magotini.