Mifupa Isiyoiva

Ngarenaro, Arusha

Dada Subira,

Kamwene! Kwa masikitiko makubwa nautangazia ukoo wote, kuanzia Njombe mjini hadi shambani kwa mama, kwamba sharubu zangu za miaka ishirini hazipo tena duniani. Upande mmoja uliungua nikichungulia tanuru, upande wa pili mke wangu akaumalizia kwa wembe. Mazishi yamekwisha, rambirambi si lazima.

Baada ya tangazo hilo, hamjambo? Mama, shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi ya huko? Sisi wazima, ila mvua zimechelewa.

Unamkumbuka meneja wetu wa kiwandani? Yule aliyesoma makala yangu ya kwanza ya gazeti mbele ya wafanyakazi wote. Nilikuwa nimeeleza kwa nini watoto wa Oldonyo Sambu, kaskazini mwa Mlima Meru, wana meno ya kahawia na wengine miguu iliyopinda: maji yao yana madini ya floridi kupita kiasi. Akaisoma kwa sauti ya kitoto, akamaliza, "Boila imemshinda, sasa anataka kufundisha taifa!" Watu wakacheka. Hata mimi nikacheka, mjinga mimi. Kiwanda kilipouzwa kwa mwekezaji, jina langu likaongoza orodha ya wanaopunguzwa. Uhandisi wangu wote ukaishia getini.

Tangu hapo naishi kwa makala na mifupa. Nachoma mifupa ya ng'ombe kwenye tanuru hadi iwe nyeusi tii, naisaga, naijaza kwenye pipa. Maji yakipita humo, floridi inabaki. Sayansi hiyo nimejifunza mwenyewe kwenye vitabu vya mitumba. Vingine havina kurasa za mwisho, kwa hiyo msiniulize ulimwengu utaishaje.

Basi zama hizi za ruksa, kila mtu kuruhusiwa kujitajirisha, meneja naye kajenga ghorofa kule kule Oldonyo Sambu. Akaja kwangu kwa miguu yake.

"Wewe si yule mwandishi? Nina kipaimara cha mjukuu, nataka chujio. Kumbe yale maandishi yako yana faida!"

"Ndiyo, mzee," nikamjibu.

Siku ya sherehe akasimama mbele ya mchungaji na wageni, akayasifu maji yake, akanywa. Dada! Uso ulijikunja kama soksi. Mchungaji, mtu wa Mungu, alimeza. Wengine walitemea maua. Maji yalinuka mzoga. Nikawaambia tanuru lilikosa moto, bahati mbaya. Mungu si Athumani. Mama acheke polepole asije akapaliwa.

Msalimie shemeji, mumeo, mwambie redio yake naitengeneza kwa maombi. Mjomba Lutengano wa kwaya, aendelee kuimba besi, sauti ya kwanza awaachie wenye meno. Shangazi Atukuzwe naye, salamu nyingi.

Karatasi hii ya pili usimsomee mama.

Tanuru halikukosa moto. Niliitoa mifupa mapema kwa makusudi, bado ya kahawia na mafuta yake ndani. Nilijua itanuka. Niliisaga huku napiga mluzi. Kwenye sherehe nilitafuta kiti cha mbele nimwone akinywa, na nilipomwona nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Sitakudanganya, bado nafurahi.

Lakini waliopika siku ile ni akina mama wa kijijini. Mmoja ni Mama Naserian, mwenye watoto wawili waliopinda miguu. Nilimbembeleza mwaka mzima hadi akakubali kuweka chujio nyumbani kwake, na majirani wakamfuata. Wiki iliyofuata nilikuta mifupa yangu imemwagwa nyuma ya zizi, na pipa limelazwa, kuku wanatagia humo.

"Mwandishi," akaniambia, "yule ni tajiri, ukamnywesha mzoga. Sisi utatunywesha nini?"

"Mama, mifupa ya chujio lako iliiva vizuri."

"Na yeye si ulimwambia hivyo hivyo?"

Majirani nao wamemwaga, wote.

Ilitosha kumwambia ukweli: mama, chujio halina kosa, nilimfanyia yule kusudi. Nilifungua mdomo. Nikasema tanuru lilikosa moto. Akatikisa kichwa, akampakata mtoto wake wa mwisho, mwenye meno mawili tu, meupe, akachota maji ya kisimani kwa kikombe, akamnywesha mbele yangu. Nikaaga.

Ni mimi nduguyo,
Yeremia