Mwiteni Yule wa Benchi

Kaka yangu,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali, nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: nimechoka na mchezo wa Baba. Basi, u mzima? Kazi inakwendaje huko? Sisi tunasukuma siku. Mama yuko zamu ya usiku kiwandani, mchana analala kama gogo.

Tangu Baba alipopooza upande mmoja, mimi ndiye ninayemlisha nikitoka shule. Unamjua. Filamu zote za michezo alizokuwa akiwatafsiria wateja kwenye banda lake la video bado zimo kichwani. Anatoa kauli moja ya kocha au mchezaji, mimi nitaje filamu, ndipo afungue mdomo kwa kijiko kingine. Nikikosa ananiita mkia wa darasa, na uji unapoa. Juzi alisema mkimbiaji asiulize umbali uliobaki, aulize kama miguu ipo. Nikaijua: ile ya mzee wa mbio ndefu. Hata hivyo akasema sijakufikia wewe, uliyekuwa ukijibu kabla hajamaliza sentensi.

Wiki hii ameng'ang'ania kauli moja tu: mwiteni yule wa benchi, mechi haijaisha. Nimetaja ile ya timu ya wafungwa, ile ya golikipa mwenye kengeza, hata ya waogeleaji, ambayo benchi lenyewe halimo. Anatikisa kichwa. Mama alidhani akili inamtoka, akanishauri nimwitikie tu. Jana hakula kabisa. Nikaweka bakuli chini, nikamwomba aitaje mwenyewe, maana nimeshindwa. Akasema hiyo si filamu, ni wewe, kaka. Kwamba alikufukuza mbele za watu, na sasa hajui ataombaje radhi kwa mdomo uliopinda.

Kaka, nilimwambia umeshaniandikia kwamba unakuja mwisho wa mwezi. Ni uongo, nawe unajua mimi si hodari wa uongo. Lakini alikula bakuli zima, akaomba jingine.

Sina nguvu ya kumwambia ukweli, na sikulazimishi. Mama angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia. Baba hakunituma salamu. Aliomba anyolewe tu. Leo nimemnyoa ndevu, kisha nimeondoa vitabu vyangu kitandani kwako na kutandika shuka safi.

Ni mimi mdogo wako, uliyezoea kumwita
Profesa