Vidonge vya Bibi Koleta

Jumanne

Kumbe ndiyo maana hapati nafuu. Asubuhi natandika kitanda cha Bibi Koleta, nikakuta vidonge vyake vya homa ya mapafu vimefungwa kwenye pindo la kitenge.

"Bibi, si ulimwambia nesi wa usiku umemeza?"

"Nilimeza kimoja, mwanangu. Hivi ni vya mzee wangu kule Ntobeye, naye anakohoa. Tunalala kitanda kimoja, ugonjwa ni mmoja."

Wodi nzima ikacheka. Mimi kicheko kilinikataa.

Nilimweleza kwamba dozi ikigawanywa haimponyi yeye wala mzee, na kwamba mzee lazima aje apimwe. Akaniuliza, "Nani atambeba?"

Dawa ya mchana nilisimama palepale mpaka akaimeza. Ndiyo kazi yetu, kuona imeshuka. Alimeza huku analia, kisha akafungua mdomo nione, kama mtoto.

Nimempigia mwenyekiti wa kitongoji chao atafute wa kumbeba mzee, hapatikani. Kesho nitajaribu tena, lakini kile kifua cha mzee...

Ee Bwana, mfikie wewe kabla yetu.