Ariselu za Hatua ya Kwanza

Attili, 18 Novemba 1986

Mwanangu Haima,

Vipi baridi ya huko Jabalpur, na kile kifua chako? Mkwe wangu Sudhakar anarudi salama na treni zake? Mimi nipo, magoti yananisumbua ila hayajanishinda. Pardhu mbusu kila shavu kwa niaba ya bibi yake, halafu uniambie kitu kimoja tu: ametembea?

Miezi kumi na saba sasa. Wewe ulitembea na miezi kumi na moja, na siku ileile marehemu baba yako alinunua sukari guru nusu gunia kana kwamba anaoza binti. Mtaa mzima ulikula ariselu, vile vitumbua bapa vya unga wa mchele na sukari guru. Tulizitandika kwenye kitambaa tukakutembeza juu yake, ukazivunjavunja kwa visigino, na watu wazima na akili zao wakagombania vipande. Nataka kumfanyia hivyo Pardhu. Mchele mpya umevunwa, nimeweka debe zima pembeni na simpi mtu hata kibaba.

Shida ni mikono. Ariselu hazipikwi na mtu mmoja, unajua. Mmoja anamimina unga, mwingine anasonga shira isishike chini. Mmoja anakaanga, mwingine anakamua mafuta kwa vibao. Tangu baba yako afariki na wewe uolewe, nyumba hii ina mikono miwili tu, na yote ni yangu. Itabidi nimwite Subhadramma wa nyumba ya pili, nimvumilie na mdomo wake. Mjukuu wake alitembea na miezi tisa, na yeye Subhadramma akatuletea ariselu ngumu, ukimrushia mbwa atakimbia. Sasa kila asubuhi ananiuliza juu ya ukuta: "Wa kwako bado?"

Kama miguu inahitaji kukandwa, sema nije. Wewe nilikukanda kwa mafuta ya ufuta hadi ukaomba kutembea.

Mama yako


Jabalpur, 9 Desemba 1986

Shikamoo Mama,

Barua nimeipata, nimefurahi. Sisi wazima. Baridi ni kali, maji ya bomba yanauma vidole. Sudhakar yuko safarini siku nne kati ya saba, na akirudi analala. Jirani wa juu ni mtu mwema, lakini Kihindi changu kinaishia kwenye bei ya viazi, kwa hiyo tunachekeana tu kwenye ngazi.

Pardhu anakula vizuri. Ana meno manane na anacheka hata na feni. Kutembea bado kidogo. Anashika kitanda. Watoto wa kiume huchelewa, kila mtu anasema hivyo. Usije sasa, Mama. Ni safari ya siku mbili, na kubadilisha treni Itarsi kwa magoti hayo! Halafu chumba ni kimoja. Subiri joto.

Mwanao, Haima


Attili, 24 Desemba 1986

Haima,

Salamu nyingi, afya njema, na yote yanayoandikwa hapa. Huyo "kila mtu" anayesema ni nani, na wewe huna hata wa kuongea naye? Chumba kimoja kinatosha. Nilikulea kwenye chumba kimoja na ng'ombe mlangoni. Sikukuu ya mavuno ya Sankranti ikipita tu, mwezi ujao, nakata tiketi. Nitamkanda mwenyewe, na mchele nitakuja nao kichwani ikibidi.

Mama yako


Jabalpur, 3 Januari 1987

Shikamoo Mama!

Usikate tiketi. Ametembea! Jana asubuhi, hatua tatu, kutoka kitandani kuelekea mlangoni, kisha akakaa puu chini, akashangaa mwenyewe. Sudhakar hakuwepo, nimeona mimi peke yangu. Kwa hiyo hakuna haja ya kumkanda tena. Kaanga ariselu zako hukohuko, Mama. Sisi tutakuja wenyewe akishaanza kukimbia.

Mwanao, Haima


Attili, 17 Januari 1987

Mwanangu wee!

Hali zenu nitauliza mwisho. Tarishi alinikuta nafagia, nikacheza na ufagio mbele yake, akadhani nimepandwa na kitu. Nikapaza sauti juu ya ukuta: "Subhadramma, wa kwangu tayari!"

Akaja na vibao vyake mwenyewe, maana vyangu anasema vimepinda. Mchele tuliuloweka usiku na mchana, tukaubadilishia maji, tukautwanga ungali na unyevu. Shira nilimkataza asiisogelee, yeye huiacha motoni mpaka inakuwa kokoto. Nilidondosha tone kwenye kikombe cha maji, likakusanyika kidonge laini, nikapiga kelele "Unga!" akamimina, nami nikasonga mpaka bega likalia. Ufuta, iliki, samli. Tukapiga bapa kwenye jani la mgomba, zikazama kwenye karai, zikaibuka nyekundu. Naye anakamua huku anasema mjukuu wangu ni mvivu kama babu yake. Siku nyingine ningemjibu. Siku hiyo nilicheka.

Nyumba ishirini na sita, Haima. Nimezipeleka mwenyewe. Kila mlango nilisema: "Pardhu wa Haima ametembea." Yule mwalimu mstaafu wa kwenye kona masikio yake yameisha, akanifanya niseme mara mbili, nami nikasema mara tatu. Kisha nikarudi nyumbani, nikala moja peke yangu, nikalia kidogo kwa sababu hatua zenyewe sikuziona.

Za Pardhu zinakuja kwa posta, ishirini na moja, laini kabisa. Mtembeze juu yake umpige picha. Nataka kuiona hiyo miguu. Hamjambo lakini?

Mama yako


Jabalpur, 20 Februari 1987

Shikamoo Mama,

Ariselu zimefika salama. Sisi wazima. Picha hii hapa, jirani wa juu alimleta shemeji yake mwenye kamera. Pembeni nimeikata kwa sababu mimi nilitoka vibaya.

Mwanao, Haima


Attili, 2 Machi 1987

Haima,

Mimi mzima. Picha nimekaa nayo siku tatu. Subhadramma aliidai, nikamwambia haijafika.

Miguu mizuri, na njuga umemvisha. Chini ya miguu hiyo kuna ariselu tisa, nimezihesabu, na hakuna hata moja iliyovunjika. Hata ufa hakuna. Nilizipika mimi, naujua ulaini wake. Mtoto akisimama juu yake zinakuwa chenga. Na pale ulipokata, kidole chako kimebaki kwenye kwapa lake. Huyu mtoto ameninginizwa.

Mwanangu, Pardhu anatembea au hatembei? Nijibu hilo tu, salamu weka.

Mama yako


Jabalpur, 22 Machi 1987

Mama,

Hatembei. Hajawahi. Agosti mwaka jana daktari alimpima akasema miguu yenyewe haina ugonjwa, ni ubongo ndio hauiamrishi sawasawa, tangu kuzaliwa. Huenda akatembea kwa magongo akiwa mkubwa, huenda asitembee kabisa. Sudhakar alisikiliza mpaka mwisho, halafu akatazama saa. Si mtu mbaya, Mama. Ila tangu siku ile anaomba zamu za safari ndefu.

Nilidanganya ili usije. Kila barua ni ametembea, ametembea? Nikaona ukifika utaingia mlangoni ukitazama miguu yake kabla ya uso wake. Kisha ikaja barua yako ya ariselu. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Unajua nilifurahi? Kuna mtaa mmoja duniani ambako mwanangu anatembea, na nyumba ishirini na sita zimekula kwa ajili yake. Nilikaa nikaamini, mpaka akaamka akalia nimnyanyue.

Wiki iliyopita alikaa mwenyewe, bila mto, bila ukuta. Nilihesabu hadi arobaini, akaanguka ubavu huku anacheka. Nikageuka nimwite mtu aje aone, hakukuwa na mtu. Nina upweke, Mama. Kuna siku sauti yangu mwenyewe siisikii mpaka jioni.

Nisamehe.

Haima


Attili, 1 Aprili 1987

Haima,

Barua nimeipata. Umenipitisha milango ishirini na sita nikitangaza uongo. Nitoke vipi nje? Na jambo lenyewe si la mchezo. Ariselu za hatua hazikaangwi kabla ya hatua, na hilo ulilijua tangu ukiwa mdogo. Tumesherehekea kitu ambacho hakijaja. Nani ajuaye kama si hilo lililomfunga miguu? Subhadramma bado hajui, na sijui nitamwambia nini. Naishia hapa.

Mama yako


Attili, 6 Mei 1987

Mwanangu Haima,

Habari za huko? Joto limeanza, kisima kimeshuka. Tangu Machi sijapata barua yako. Labda ni posta. Pardhu hajambo? Anakula?

Mama yako


Attili, 15 Juni 1987

Haima mwanangu,

Sijui kama barua hizi unazifungua. Naandika tu, nyumba imekuwa kimya mno.

Ile ya Aprili ichome. Mtoto alizaliwa hivyo, daktari alikwambia Agosti, na mimi nikakutwisha ariselu za Januari. Niliogopa midomo ya watu kuliko nilivyomwogopea mjukuu wangu. Naona haya hata kuliandika.

Nimeirudia barua yako ya Machi. Mara ya kwanza nilifika kwenye "hatembei", macho yakaishia hapo. Yaliyofuata niliyapita kama mtu anayepita njia. Jumapili ndipo nikauona ule mstari wa chini, kwamba alikaa. Ulihesabu hadi arobaini, na hukuwa na wa kumwita. Basi na mimi nikakaa sakafuni nikahesabu hadi arobaini, nijue ni muda gani. Ni mrefu, Haima! Mtoto anaweza kuiona dunia nzima.

Nikaloweka mchele. Subhadramma sikumwita, sikutaka anikute nalia. Shira kwa mkono wa kulia, unga kwa wa kushoto, robo yake ikamwagika miguuni na iliyobaki ikaanza kushika chini. Kukaanga niliweza. Kukamua na kukaanga kwa pamoja kulinishinda. Hii ukiigeukia, ile inaungua. Zimetoka nene, zinachuruzika mafuta, na nyingine zilisambaratika ndani ya karai. Baba yako angezila kwa heshima tu. Nilipata nzima za kutosha nyumba zote, mbilimbili.

Nikazipeleka leo asubuhi. Kila mlango nilisema: "Za Januari nilikosea. Mjukuu wangu hatembei, na huenda asitembee. Hizi ni kwa sababu amekaa." Wengine walipokea wakitazama chini. Mke wa karani alifunga mlango kabla sijamaliza. Mwalimu mstaafu alinifanya niseme mara mbili, na mara ya pili akanishika bega.

Subhadramma alisimama na sahani mkononi. "Tangu lini ariselu zikakaangwa kwa mtoto kukaa?"

Nikamwambia, "Tangu leo asubuhi."

Akala. Akasema zina mafuta mengi, ni kweli. Halafu akaniuliza kwa ukali kwa nini sikumwita, kwani yeye mikono yake imekatika? Tumekaa naye barazani kwake mpaka mchana, akaniuliza Pardhu anapenda nini, nami sikujua zaidi ya feni.

Keshokutwa anatimiza miaka miwili. Safari hii sisemi nakuja. Ukitaka nije, utaniambia. Usipotaka, niandikie tu anapenda nini.

Mama yako


Jabalpur, 2 Julai 1987

Shikamoo Mama,

Hujambo, na magoti? Sisi tupo. Ile ya Aprili niliichana siku ileile. Mbili zilizofuata niliogopa kuzifungua, nikaziweka chini ya debe la mchele. Jana nimezifungua zote mbili. Nililia mpaka Pardhu naye akaanza kulia, bila kujua tunalia nini.

Anapenda feni, ndizi, na mtu akipiga chafya. Ukimpigia chafya ya uongo atacheka mpaka akwame pumzi.

Njoo. Ukifika Itarsi panda ile treni ya asubuhi, hapa inaingia saa kumi alasiri. Sudhakar atakuwa kazini. Nimemwambia unakuja na unajua kila kitu. Alikwenda akanunua godoro.

Nitakupokea mimi, na Pardhu nitambeba. Miguu yake imekakamaa, nikimbeba inapishana kama mkasi, na watu wakiona husimama kuuliza. Kwa hiyo huwa tunatoka alfajiri tu, kabla barabara haijajaa, na tunarudi upesi. Siku hiyo tutatoka mchana. Tutasimama katikati ya stesheni mbele ya watu wote, mpaka utuone.

Mwanao, Haima