Mswaki Wangu na Cheni Yako

Baba Pacha,

Chai iko kwenye chupa. Anua nguo, mawingu yametanda.

Asubuhi nimetia mswaki mdomoni nikaonja grisi. Kumbe ndio ulioutumia jana kusugulia cheni ya pikipiki! Nimesukutua mpaka fizi zinauma na bado nanuka gereji. Kinyaa kitupu.

Unasema eti pikipiki ya mkanda badala ya cheni ni ghali, na ukikatika njiani hupati fundi. Sawa, lakini mkanda hautaki grisi wala mswaki wa mtu.

Leo ukienda kununua pikipiki mpya, ~~chukua ile roho yako inayoipenda~~ chukua ya mkanda. Ukirudi na cheni, ulale nayo.

Mswaki wa grisi nimeuweka kwenye glasi yako. Wako nimeutupa.

Mama Pacha