Ng'ombe Waliolamba Majivu ya Maabara Yetu

Jumatano. Jua limewaka tangu asubuhi, na upepo wa Kitengela umerudisha vumbi kwenye kibodi nilizofuta jana.

Sina moyo wa kuandika, lakini nisipoandika sitapata usingizi.

Mimi ndiye mtunzaji wa maabara ya kompyuta chuoni. Muhula huu tulianzisha kampeni ya kupunguza madhara ya kompyuta za wanafunzi kwa mazingira. Niliipenda. Nilibandika maagizo kila meza: zima skrini ukitoka, usichapishe ovyo. Wanafunzi wakaniita Mama Switch, lakini walizima.

Kisha tukakusanya mashine zilizokufa, nyaya, na zile betri nzito zinazoshikilia kompyuta stima ikipotea. Mnunuzi wa vyuma chakavu akaja na lori, akachukua shehena ya kwanza. Alisema vitu vinapelekwa kiwandani. Sikumuuliza kiwanda kipi.

Leo Yeyo hakuniletea maziwa. Wengi tunamwita hivyo, mama kwa Kimaasai; binti yake Resian anasoma chuoni kwetu. Nilipotoka kazini nikaenda kwake kumjulia hali.

Ng'ombe wawili walikuwa wamekufa. Wa tatu alizunguka bomani akisaga meno, akisukuma ua kwa kichwa kama haoni. Daktari wa mifugo alikuwa ameshapita, na swali lake lilikuwa moja tu: wamelamba nini?

Kiangazi kama hiki ng'ombe hutafuta chumvi. Hulamba udongo, hulamba hata majivu ya moto uliozimika, na mfugaji hawazuii, kwa sababu huwafaa. Yeyo aliona majivu mapya kwenye korongo lililo nyuma ya boma, akashukuru. Aliwapeleka mwenyewe.

Alinipeleka nami. Nikakuta nyaya zilizochomwa ili shaba itoke, betri zilizopasuliwa, madini yake ya risasi, ambayo ni sumu, yamemwagika majivuni, na kipande cha kompyuta chenye namba ya maabara kwa mwandiko wangu.

"Hii takataka ni ya nani?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Ni yetu, Yeyo. Ni ya chuo."

Akasema bila kupaza sauti, "Resian aliniambia mnasafisha mazingira. Kumbe mazingira ni ya huko kwenu peke yake."



Ng'ombe hao ndio waliokuwa wakimsomesha Resian.

Nilimpigia simu mkuu wa idara nikiwa bado korongoni. Alinisikiliza, halafu akanikumbusha kwamba kesho wageni wanakuja kuona kampeni yetu, na lori litachukua shehena ya pili mbele yao. "Wachana na hiyo maneno mpaka wageni waende," akasema. "Hata huna uhakika ni majivu."

Nina uhakika. Nilisimama juu yake.

Nimejiuliza kama nilikuwa najali mazingira au nilifurahia tu kuona stoo ikibaki tupu. Tulihesabu karatasi tulizookoa. Hakuna aliyefuata lori.

Shehena ya pili bado iko stoo, na ufunguo ninao mimi. Kesho sitaufungua mlango. Wageni wakiuliza kwa nini, nitawaambia, kisha nitawaomba twende kwa Yeyo, wakaone.

Huenda jioni nikawa sina kazi. Ng'ombe wake hawatafufuka. Lakini betri nyingine haitafika korongoni ikitoka mkononi mwangu.