Kwanza Kulaza, Ndipo Kunakili

Dada Ndeshi,

Nakuomba haya yabaki huko huko uliko. Usimnong'oneze hata mama yako aliyekutangulia; ulisema mwenyewe kwamba hakuweza kutunza neno. Hapa duniani ajuaye ni mimi na fundi mmoja wa Arusha, na yeye anajua nusu tu.

Seva imekufa. Diski imekwisha kabisa, na ile mashine pepe ya kliniki ya moyo, kompyuta isiyo na mwili iliyokuwa ikiishi ndani yake, imekwenda nayo. Mzee Kimaro, bosi wetu, hakushtuka. Alinipiga begani mbele ya madaktari akasema wasihangaike, dogo ana nakala za kila jioni, amefundwa na Ndeshi. Dada, nakala ninazo. Hakuna hata moja inayofaa.

Nimezijaribu zote, kutoka ya mwisho kurudi nyuma hadi wiki ile tuliyokuzika kihambani kwenu, chini ya migomba. Za mikono yako nilizifuta mwenyewe nafasi ilipojaa. Hizi zangu zina jina sahihi na ukubwa sahihi. Nikiwasha yoyote, mashine inaamka vizuri, inafika kwenye kumbukumbu za wagonjwa, inasema zimeharibika. Ndipo nikampigia yule fundi uliyekuwa ukitaniana naye. Akaniuliza kama nilikuwa nikilaza kwanza. Nikajibu kwa kujiamini kwamba ndiyo, waliolazwa wote huwa wameshaingizwa. Akacheka.

"Dogo, wagonjwa wametoka wapi? Inayolazwa ni mashine."

Unakumbuka siku ile wodini? Ulikuwa na mpira wa oksijeni puani. Ulinishika mkono ukasema, "Kwanza kulaza, ndipo kunakili." Nami nikafikiria lile dirisha la mfumo wetu lililoandikwa KULAZA, ambamo manesi huingiza wagonjwa wanaopewa kitanda. Wewe mwenyewe ulikuwa umelazwa! Ningewaza nini kingine? Sikuuliza. Nani anamsumbua mtu asiyepata pumzi ili afafanue kitenzi?

Basi kila jioni nilizunguka wodini kuwahimiza manesi wamalize kuingiza majina, halafu nanakili, mashine ikiwa macho na inaandika. Fundi alinieleza taratibu, kama anayempa mtu habari ya msiba. Kunakili diski nzima huchukua muda. Nikiwa nimefika katikati, nesi anarekebisha dozi. Kipande kimoja kinaandikwa nilikokwisha kupita, kingine ambako sijafika. Nakala inatoka na kichwa cha zamani na miguu mipya. Wewe uliifanya imalize kuandika ilichoshika, ukaituliza kidogo, ndiko kuilaza, ukaipiga picha ikiwa imetulia, ukaiamsha, kisha ukanakili ile picha bila haraka.

Kumbe ndiyo sababu skrini zilikuwa zinaganda tukikaribia kufunga, na manesi wanapiga kelele koridoni kwamba umewagandisha tena. Nawe unawajibu, "Nanywa chai, subirini." Nilidhani kweli ni chai. Ulipoondoka, skrini zikaacha kuganda. Sista Anjela alisema mkono wangu ni mwepesi kuliko wa marehemu. Nilifurahi, Dada. Nilifurahi siku nzima.

Juzi alikuja yule mama wa kule Mkuu, Rombo, aliyewekewa vali ya moyo, anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda. Dozi yake hubadilishwa karibu kila akija. Ikizidi, atavuja damu. Ikipungua, damu itamganda. Daktari akaniomba dozi zake za nyuma. Nikasema nakala bado zinarudishwa, seva ni nzito leo. Nilimwamkia shikamoo yule mama nikishindwa kumtazama usoni, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, si mnaandika humo kila nikija?" Kadi yake ya kliniki, yenye dozi hizo, alikuwa ameiacha nyumbani. Daktari alimpima damu akampa dozi ya kukisia. Tangu hapo kila simu ikilia mezani nadhani ni habari zake. Silali.

Kesho asubuhi, kabla kliniki haijafunguliwa, nitamwambia Mzee Kimaro kwamba nakala zote ni bure. Sijui atanifanya nini. Kisha nitaomba, hata kama nimeshafukuzwa, niende kwa wagonjwa nyumba kwa nyumba, nikinakili kadi zao kwa mkono. Naanza na yule mama. Nakuahidi sitamwambia tena mtu yeyote kwamba seva ni nzito.

Pumzika, Dada yangu. Mvua imenyesha huko juu kihambani, udongo uliokufunika umeanza kushikana.

Ukinihitaji, usipite ofisini. Huenda kiti kimeshapata mwingine. Nitakuwa upande wa Rombo, nikitokea Mkuu kushuka hadi Holili, nikipiga hodi kwa wenye mioyo iliyoshonwa. Simu haishiki vizuri migombani. Niite tu kwa jina, kwa sauti yako ya kawaida. Nitasimama.

Mdogo wako wa kazini,
Godlisten